Mtoto akiwaka ghafla: Ni nguvu ya soda?

Kuna furaha ya aina yake pale mtoto ambaye hakuna aliyemtazamia anapoanza kung'ara. Aliyekuwa akikaa benchi mechi zote za shule anafunga mechi tatu mfululizo, na mwalimu wa michezo anaanza kumtaja kwenye kikosi cha UMITASHUMTA. Aliyekuwa mkiani darasani anarudi na ripoti ambayo baba anaisoma mara mbili kuhakikisha jina ni lenyewe. Simu inapigwa kwa bibi, inapigwa kwa shangazi.

Usiku, watoto wakishalala, wazazi hubaki na swali wasilopenda kulisema kwa sauti: hii itadumu, au ni nguvu ya soda?

Ni swali la haki, kwa sababu jibu lake huamua mambo. Kuna wazazi wanaomhamisha mtoto shule kwa sababu ya muhula mmoja mzuri. Wapo wanaokopa ili wamlipie akademia ya michezo. Na wapo, wengi zaidi, ambao mtoto akishuka tena hubadilika nyuso, naye akaziona.

Mfano mmoja kutoka mpira wa kikapu nchini Marekani unasaidia kulifikiria swali hili. Una faida mbili: kila kitu kiliandikwa kwa tarakimu, na miaka imeshapita, hivyo mwisho wake unajulikana.

Kijana wa kwenye kochi

Jeremy Lin alizaliwa California mwaka 1988. Wazazi wake walikuwa wahamiaji kutoka Taiwan. Baba, mhandisi aliyeupenda mchezo huo bila kuucheza utotoni, alijifunza kwa kutazama kanda za video za kina Kareem Abdul-Jabbar, Larry Bird na Magic Johnson. Kisha akawa anawapeleka wanawe watatu uwanjani jioni na kuwafundisha alichokiona. Mama alikuwa na sharti lake: kazi za shule kwanza.

Mwaka 2006 Lin aliiongoza sekondari yake ya Palo Alto kutwaa ubingwa wa jimbo la California katika daraja lao. Pamoja na hayo, hakuna chuo kikuu chenye jina kwenye mchezo huo kilichompa ufadhili. Akaenda Harvard, ambako ufadhili wa michezo hautolewi, akasoma uchumi.

Alipomaliza mwaka 2010, timu za NBA zilichagua wachezaji wapya 60. Jina lake halikuwemo. Baadaye Golden State Warriors walimsajili, lakini msimu wote alicheza mechi 29 tu, chini ya dakika 10 kwa kila mechi, na wastani wake ulikuwa pointi 2.6. Mara tatu alishushwa kwenda kucheza ligi ya chini.

Desemba 2011 aliachwa na timu mbili ndani ya siku 15. Golden State walimwacha Desemba 9. Houston Rockets wakamchukua, nao wakamwacha Desemba 24, mkesha wa Krismasi. New York Knicks ndio waliomwokota, kwa sababu walikuwa na majeruhi. Nafasi yake ilikuwa finyu kiasi kwamba hakupanga hata chumba. Alikuwa akilala kwenye kochi la kaka yake, aliyekuwa akisomea udaktari wa meno mjini humo.

Mechi saba

Hadi Februari 4, 2012, Knicks walikuwa wamepoteza mechi 15 kati ya 23. Usiku huo wakicheza na New Jersey Nets, kocha Mike D'Antoni, ambaye chaguo zilishamwishia, alimwingiza Lin kutoka benchi. Akafunga pointi 25 na Knicks wakashinda.

Mechi iliyofuata alianza na kufunga 28. Iliyofuata tena, 23. Februari 10 wakaja Los Angeles Lakers na Kobe Bryant wao. Kobe alifunga 34, Lin akafunga 38. Siku nne baadaye, ugenini kwa Toronto, matokeo yakiwa sare na saa ikiwa imebaki chini ya sekunde moja, alitupa mpira kutoka mbali na kupata pointi tatu za ushindi.

Knicks walishinda mechi zote saba. Katika mechi hizo Lin alikuwa na wastani wa pointi 24 na asisti 9. Jumla ya pointi zake katika mechi tano za kwanza alizoanza ilikuwa 136, nyingi kuliko za mchezaji yeyote tangu ligi mbili za kulipwa za Marekani zilipoungana mwaka 1976. Hali hiyo ikaitwa Linsanity, kwa kuunganisha jina lake na neno la Kiingereza lenye maana ya wazimu.

Na hapo ndipo swali lilipozuka kila mahali, sebuleni, kwenye vijiwe na kwenye televisheni: huyu ataendelea hivi?

Kilichodumu na kisichodumu

Februari 17 Knicks walifungwa na New Orleans, na Lin alipoteza mpira mara tisa. Februari 23 wakaenda Miami, kwa LeBron James na Dwyane Wade. Miami walimkaba tangu anapopokea mpira, bila kumpa nafasi ya kupumua. Alitupa mara 11 akapata mara moja. Akapoteza mpira mara nane. Mwezi uliofuata goti lake la kushoto liliumia, akafanyiwa upasuaji, na msimu ukaishia hapo.

Mtu akisoma mpaka hapo atasema ilikuwa nguvu ya soda. Lakini hesabu haikuishia hapo.

Julai mwaka huohuo Houston, walewale waliomwacha mkesha wa Krismasi, walimpa mkataba wa miaka mitatu wa takribani dola milioni 25. Msimu wake wa kwanza huko alicheza mechi zote 82, wastani wa pointi 13.4. Kwa jumla alicheza NBA misimu tisa, mechi 480, wastani wa pointi 11.6. Mwaka 2019 alikuwa kwenye kikosi cha Toronto Raptors kilichotwaa ubingwa, ingawa katika hatua za mwisho alicheza dakika chache sana. Baada ya hapo alicheza China na Taiwan, hadi alipostaafu mwaka 2025.

Zitazamwe namba tatu: 2.6 ya Golden State, 24 ya zile mechi saba, na 11.6 ya maisha yake yote NBA. Lin wa pointi 2.6 hakuwa Lin halisi. Lin wa pointi 24 pia hakuwa halisi. Wa kweli alikuwa katikati, na ilihitaji mamia ya mechi kumjua.

Wazazi wengi hukumbuka nusu ya somo hili. Wanajua kwamba wiki mbili nzuri hazitoshi kumwita mtoto bingwa. Wanasahau kwamba muhula mmoja mbaya nao hautoshi kumwita mzito.

Kwa nini lazima ashuke

Matokeo ya siku moja hutokana na uwezo wa mtu, pamoja na mambo mengine yasiyo mikononi mwake. Februari ile, mambo mengi yalimwangukia Lin vizuri. Nyota wawili wa timu, Carmelo Anthony na Amar'e Stoudemire, walikosa mechi kadhaa, mmoja akiwa majeruhi na mwingine akiwa kwenye msiba wa kaka yake. Mpira ukabaki mikononi mwa Lin. Mfumo wa kocha ulimfaa mchezeshaji wa aina yake. Na wapinzani hawakuwa wamemsoma, maana hakukuwa na mechi za kutosha za kumtazama.

Baadaye nyota walirudi. Wapinzani wakamsoma. Kocha akaondoka Machi 14. Uwezo wa Lin ulikuwa uleule, lakini upepo uligeuka.

Kwa mwanafunzi ni vivyo hivyo. Kuna mtihani ambao maswali yaliangukia palepale alipopitia jana yake, aliamka mzima, nyumbani hakukuwa na ugomvi, na wawili waliomzidi siku zote waliugua. Yote yakikutana siku moja, mtoto anapanda kuliko kawaida yake. Mtihani unaofuata hayakutani yote. Anashuka, bila kuwa amelegea hata kidogo.

Mgema na tembo lake

Hapa ndipo wahenga wanapoingia. Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Nyumba nyingi huongozwa na methali hii: usimsifie mtoto sana, atabweteka. Na mzazi anayeishikilia huwa na ushahidi. Alimsifia muhula uliopita, muhula huu ameshuka. Alimgombeza mwaka jana, akapanda.

Mwanasaikolojia Daniel Kahneman, aliyepata Tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2002, alikutana na hoja hiyohiyo alipokuwa akiwafundisha wakufunzi wa marubani wa jeshi la anga la Israel. Mkufunzi mmoja mzoefu alimpinga. Alisema rubani akisifiwa kwa zoezi zuri, linalofuata huharibu. Akifokewa kwa zoezi baya, linalofuata hufanya vizuri. Kwa hiyo kufoka ndiko kunakofaa.

Kahneman alichora alama sakafuni, akamtaka kila mkufunzi aipe mgongo na kuirushia sarafu mara mbili bila kugeuka. Waliokaribia sana mara ya kwanza, wengi wao walikosea zaidi mara ya pili. Waliokosea sana mara ya kwanza, wengi wao walisogea karibu. Hakuna aliyekuwa amesifiwa wala kufokewa.

Aliyefanya vizuri kupita kawaida yake, mara nyingi hurudi chini. Aliyefanya vibaya kupita kawaida yake, mara nyingi hurudi juu. Mzazi anayesifia kileleni na kufoka bondeni atadanganywa na mwendo huo maisha yake yote. Ataona sifa zinaharibu na fimbo inajenga, hata kama vyote viwili havikufanya kitu.

Jaribio hili linaweza kufanyika sebuleni kwa karatasi zilizofinyangwa na ndoo. Watoto hulifurahia, na mzazi huondoka na la kufikiria.

Methali ina mahali pake, kwa maana wapo wagema wanaotia maji kweli. Lakini mzazi atajua hilo kwa kwenda kuangalia kibuyu: je, mtoto ameacha kusoma? Ameacha mazoezi? Kama bado anaamka saa ileile na kufanya yaleyale, tembo halijatiwa maji.

Hasheem na orodha ya majina

Watanzania wana mfano wao wa upande wa pili. Mwaka 2009 Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyeanza kucheza kikapu akiwa tayari kijana, alichaguliwa na Memphis Grizzlies akiwa wa pili kati ya wachezaji wote wapya wa mwaka ule. James Harden alichaguliwa wa tatu. Stephen Curry alikuwa wa saba. Thabeet akawa Mtanzania wa kwanza kucheza NBA.

Kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, naye alishushwa kwenda ligi ya chini kwa muda. Desemba 2011, katika zile siku chache ambazo Lin alikuwa Houston, Thabeet alikuwa kwenye timu hiyohiyo: mmoja aliyekuwa karibu na kilele cha orodha na mwingine ambaye hakuwemo kabisa, wote wawili wakitafuta dakika za kucheza.

Thabeet hakudumu NBA kama ilivyotarajiwa, lakini aliendelea kuishi kwa mchezo wake, na miaka ya baadaye akacheza ligi ya kulipwa Taiwan. Wataalamu wenye vipimo na video walikosea kwa mmoja na wakakosea kwa mwingine. Mwalimu wa darasa lenye watoto 80 naye anaweza kukosea. Shangazi anayelinganisha binamu sikukuu ya Idi au Krismasi hukosea zaidi.

Mzazi atazame nini?

Kwanza, kilichokuwepo kabla. Waliomfuatilia Lin kwa makini wasingeshangaa sana. Januari 20, 2012, siku 15 kabla ya usiku ule wa Nets, akiwa ameshushwa ligi ya chini, alifunga pointi 28, akadaka ribaundi 11 na kutoa asisti 12 katika mechi moja. Msingi ulikuwepo, kilichokosekana ni nafasi. Kwa mtoto, msingi huonekana kwenye daftari la miezi iliyopita kuliko kwenye ripoti moja.

Pili, kilichobadilika. Kama mtoto amepanda baada ya kupata miwani, kupata mwalimu anayemwelewa au kuhamishwa nafasi uwanjani, sababu hiyo ikibaki, sehemu ya mafanikio itabaki. Kama hakuna kilichobadilika, mzazi afurahi, ila asikope.

Tatu, anachofanya akikabwa. Siku ya Miami ilikuja kwa Lin, na itakuja kwa kila mtoto: somo litakuwa gumu, mpinzani atakuwa amemsoma. Mtoto anayerudi na swali, akitaka kuelekezwa alipokosea, ana kitu cha kudumu kuliko anayerudi na visingizio au anayeficha karatasi.

Nne, wingi. Mechi saba ni chache na muhula mmoja ni mfupi. Uamuzi mkubwa wa pesa au wa kuhama usubiri mihula mitatu hivi. Na kipimo kiwe pale alipoanzia. Aliyetoka namba ya 35 akapanda hadi ya 4, akija kuwa wa 12 hajaanguka. Amepanda nafasi 23.

Siku atakaposhuka

Mwaka 2013, akizungumza Taiwan, Lin alieleza jinsi msimu wake wa kwanza Houston ulivyomwelemea. Alikuwa amejipa kazi ya kuwa tena yule wa Februari, kila usiku. Usingizi ukampotea, na raha ya mchezo ikaenda nayo. Mwaka 2019, wiki chache baada ya Toronto kutwaa ubingwa, alizungumza tena hadharani huko Taiwan akiwa na machozi, akisema anaona NBA imemkatia tamaa.

Huyo alikuwa mtu mzima wa miaka 30, mwenye mamilioni ya dola na ubingwa wa NBA. Mtoto wa miaka 12 anayefukuzwa na kivuli cha muhula wake mzuri hana hata maneno ya kulielezea jambo hilo. Ataanza kuumwa tumbo asubuhi ya mtihani. Ataacha timu kabla hajaachwa. Wengine huanza kuibia, kwa sababu namba ya 4 imekuwa ndiyo bei ya tabasamu la baba.

Kauli inayoumiza zaidi siku hiyo ni ile inayosikika kuwa ya kutia moyo: "Mbona muhula uliopita uliweza?" Humlinganisha mtoto na siku yake bora kuliko zote, na hakuna anayeshinda mashindano hayo. Swali linalosaidia ni dogo: "Ni swali gani lilikushinda? Nionyeshe." Likiulizwa kwa sauti ileile iliyotumika siku ya ushindi, mtoto ataonyesha.

Sifa nazo zisinyimwe kwa hofu ya mgema. Zielekezwe tu kwenye kile ambacho mtoto anaweza kukirudia kesho: kuamka mapema, kumaliza zoezi gumu, kumpa mpira mwenzake aliye huru. Namba na magoli vitapanda na kushuka, lakini hayo anaweza kuyafanya hata wiki mbaya.

Na ratiba ya nyumbani isiguswe, si alipopanda wala aliposhuka. Saa ya kazi za shule ibaki ileile. Kama ni baba aliyekuwa akimsindikiza uwanjani Jumamosi wakati mtoto yuko benchi, aendelee kumsindikiza anapofunga, na amsindikize pia Jumamosi itakayofuata baada ya kufungwa.